Bomba la sindano la mama lilivyozunguka majirani, na nilichomfanyia dada yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mwenyewe na sijawahi kumwambia mtu. Mkiona mahali najipendelea, nisahihisheni.

Ni miaka ya themanini, Ihembe, Karagwe. Ugonjwa ule wa Ukimwi ulishaanza kumaliza watu, na sindano za zahanati hakuna aliyeziamini. Mganga wa zahanati mwenyewe akasema kila familia iwe na bomba lake.

Mama akanunua la kioo. Tukajiona tumeokoka.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, najua kila kitu. Dada Edina, mjamzito, akashikwa na malaria kali. Tabletsi anazitapika, mganga akaagiza sindano. Nikafungua kopo la bomba: tupu.

"Liko kwa Ma Yustina," mama akasema. "Jirani akiomba moto, unamnyima?"

Nikalifuata.

Ma Yustina alikuwa anamenya ndizi. "Limetusaidia mno! Nimewapa wale wafugaji wa kule juu."

Kwa wafugaji nikaamkia.

"Marahaba, msomi!" mzee akacheka. "Hata ndama wangu limemponya. Sasa liko bondeni."

Nikacheka pia. Adabu.

Nyumba ya bondeni nilifika mchana kweupe, ua umejaa watu. Walikuwa wametoka kuzika. Mjane akanikabidhi bomba ndani ya kitambaa cheupe.

"Mwambie mama asante. Marehemu alichomwa nalo mpaka asubuhi ya mwisho. Tumelisuuza."

Njiani lilikuwa na joto mfukoni. Joto la mwili wangu, najua. Nikalitoa kuliangalia, mara mbili. Halikuwa na doa hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kabla ya kufika nyumbani nikalipigiza kwenye jiwe.

"Limeniponyoka," nikawaambia. Mganga, aliyekuwa anasubiri kando ya Edina, akarudia tabletsi. Akazitapika. Siku ya tatu mimba ikatoka.

Miaka mingi baadaye nilimsikia muuguzi akieleza kuwa kulichemsha vizuri dakika ishirini kungetosha. Sufuria ilikuwepo. Kuni zilikuwepo. Mganga alikuwepo, ila msomi haulizi.

Nilichojifunza: kila nyumba na bomba lake ni agizo zuri, lakini hakuna aliyepita kukagua linalala wapi. Na hofu isiyouliza nayo inaua.

Edina yupo, ana wajukuu. Mpaka leo anaamini liliniponyoka.

Wakuu, nimwambie?