Kobe Aliyeokoka

Ndugu zangu wa Columbus wakinikuta harusini, hata leo, hawaniulizi habari za kazi wala za watoto. Wananiuliza, "Kobe hajambo?" Kisha wanacheka mpaka soda zinawatoka puani. Haya, wacheke. Wanaijua nusu tu, ile nusu ya aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumemaliza mwaka mmoja Buffalo, Marekani, tukitokea kambi ya wakimbizi Tanzania, na tulipanga ghorofa ya juu mtaa wa Lower West Side: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Mama alifanya kazi kiwanda cha madirisha, zamu ya mchana, kwa hiyo nikitoka shule nilimkuta bibi peke yake kwenye sofa, na koti lake zito mwilini ndani ya nyumba. Hakuwa na mtu wa kuongea naye tangu asubuhi. Mimi sikulijali hilo. Nilichojali ni kwamba kila siku saa kumi kamili kulikuwa na katuni.

Ilikuwa katuni ya Kijapani, ya miaka na miaka, na shuleni usipoijua wewe si mtu. Watoto wa humo walitembea na viumbe wa ajabu ndani ya makopo madogo kiunoni. Kulikuwa na popo mwenye soksi, aliyeogopa giza. Kulikuwa na bundi aliyepiga chafya za mawe. Na kulikuwa na kobe wangu, mwenye birika mgongoni: akikasirika birika linachemka, anammwagia adui mvuke, kisha anaomba radhi.

Siku ya kwanza bibi aliuliza, "Huyo mtoto anasema nini?"

Nikamtafsiria kwa uaminifu, mjinga mimi. "Anasema, toka kwenye kopo ukampige."

Bibi akasimama, mkono juu. "Shindwa!" aliiambia televisheni. "Shindwa na ulegee!"

Hebu fikiria. Mtoto anabeba kiumbe kiunoni, anamwita, kiumbe anatoka, anamdhuru mtu, anarudi koponi. Kwetu huyo haitwi mtoto, anaitwa mchawi. Na mama angesikia, televisheni ingetoka siku hiyo hiyo.

Lakini mimi nilikuwa mkalimani wa nyumba nzima. Barua za umeme, hospitali, shule, vyote vilipita mdomoni mwangu. Mwalimu aliwahi kumwambia mama kwamba naropoka sana darasani. Mama alisikia kwamba nachangia sana. Kwa hiyo kesho yake nilimwambia bibi nilikosea, Kiingereza chao kigumu. Mtoto anasema, "Toka kwenye kopo tukaombe."

"Ala!" bibi akasema, akakaa.

Basi nikakolea. Popo alikuwa anafunga kwa ajili ya mitihani. Bundi alikuwa mwinjilisti. Kobe alikuwa amepotea dhambini, akaokoka, na sasa yuko darasa la ubatizo. Bibi alinihoji: nani amemfundisha? Mama yake yuko hai? Mbona bado ana hasira? Nilijibu yote. Kutwa nzima nilikuwa nasema Kiingereza, hata mama nilimjibu kwa Kiingereza, lakini saa kumi nilisema Kiswahili mpaka koo likakauka.

Njia ya mwongo ni fupi. Kiwandani mtu alimweleza mama kuhusu katuni ya majini ya makopo. Jumamosi mama akaita kikundi cha maombi: mama mchungaji, na akina mama wengine watatu. Wakaizunguka televisheni kama mgonjwa. Mama mchungaji alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta ya upako bibi alipoinuka.

"Ngojeni," alisema. "Hawa wameokoka. Mimi shahidi. Kobe yuko darasa la ubatizo."

Mungu wangu! Nilitamani sakafu inimeze.

Mama mchungaji alikuwa mtu wa haki. Akaangalia saa, ilikuwa saa kumi, akasema tuone. Nikawasha. Ningefanyaje? Bahati yangu mbaya, kobe alitokea mwanzoni kabisa, birika linatokota, akamchoma popo uso kwa mvuke.

"Anamwombea," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya panya. "Huo ni... ni upako."

Mmoja wa wale akina mama, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anatunza wazee wa Kimarekani na Kiingereza alikijua vizuri. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bon, huyu mutoto anatudanganya! Ile nyama haiko naomba. Iko napigana!" Kwao mnyama ni nyama.

Mama hakucheka. Kudanganya ni kosa, kumdanganya bibi yako ni kosa zaidi, na mimi nilikuwa nimemtia Yesu humo humo. Akang'oa waya, akaibeba televisheni mwenyewe, akashuka nayo ngazi, akaiweka kwenye theluji kando ya barabara. Alipofika juu na kuchungulia dirishani, ilikuwa imeshachukuliwa.

Sikumwangalia bibi Jumapili nzima. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya kanisa lake, na niliona aibu hata kula mbele yake.

Jumatatu saa kumi nilimkuta kwenye sofa, na koti lake, ametazama meza tupu.

"Haya," alisema. "Alibatizwa au hakubatizwa?"

"Bibi, televisheni haipo."

"Nina macho."

"Na ulisikia. Nilikuwa nadanganya."

"Mwanangu, kambini nimehojiwa kupitia wakalimani wangapi? Mkalimani anayetia chumvi namjua kabla hajafungua mdomo. Wewe nilikujua siku ya pili. Unasema anaomba, na mimi namwona anamchoma mwenzake."

Bibi huyu kambini aligoma hata kupunguza umri wake kwenye fomu, eti Mungu anaujua. Na Jumamosi alisimama mbele ya mama mchungaji akajiita shahidi.

"Sasa mbona ulisema vile?"

"Nimeshatubu. Usinikumbushe." Akavuta koti. "Wangeiondoa, ungenyamaza. Halafu mimi ningeongea na nani humu ndani? Na jiko?"

Nilitaka kulia, nikaona haya. Yeye akasogea, akaipiga sofa kwa kiganja ili nikae.

"Afadhali imekwenda," alisema. "Zile picha zilikuwa zinakupinga sana. Haya. Alibatizwa?"

Nikakaa. "Alibatizwa," nikasema, "lakini alipozamishwa tu, maji yote yakachemka."

"Lo!" bibi akasema. "Na mchungaji je?"