Likizo Niliyomficha Mama

Mkenya wa Minnesota akipata likizo huenda nyumbani. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini jaribu kuivunja uone. Nimeishi Richfield, kando ya Minneapolis, miaka minane, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege zikipita vikombe vyangu hutikisika kabatini, na likizo zangu zote zimeishia Wundanyi kwa mama. Nampenda mama. Lakini nikiwa kwake sipumziki: kutwa ni kupokea wageni, kusalimia mashangazi, kumpeleka huyu hospitali na kusuluhisha ugomvi wa wale. Narudi kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunza wazee, nimechoka kuliko nilivyoondoka. Mwaka huu nikakata tiketi ya kwenda Ugiriki. Mama nikamwambia sikupewa likizo.

"Greece?" Mueni, mwenzangu wa zamu, alinikodolea macho. "Na mathe umemshow nini?"

"Kwamba niko job."

"Wueh! Na ukikufia huko, tutamwambia body imetoka wapi?"

Nilicheka sana, kisha nikakosa usingizi siku tatu.

Mwisho wa Agosti niliondoka. Kutoka Athens nilikwenda bandari ya Piraeus, nikapanda meli, safari ya saa tisa nzima. Nilikuwa nimechagua kisiwa kidogo kisicho na uwanja wa ndege, nisibanane na umati wa watalii na, niseme ukweli, nisikutane na Mkenya mwenye simu mkononi. Visiwa mashuhuri vilipita kimoja kimoja, watu wakashuka na masanduku yao. Tulipofika changu tulishuka wanane na friji moja. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyeji wangu aliniapisha.

Mwenyeji huyo, Bibi Stamatia, mjane wa miaka sabini na kitu, alinipokea gatini na pikapu yake. Aliwahi kufanya kazi Melbourne, ambako binti yake yuko mpaka leo, kwa hiyo Kiingereza tulielewana.

"Hapa hakuna cha kufanya," aliniambia kwa majivuno.

Mimi mtu wa kukaa bure?

Siku ya kwanza nilikizunguka kijiji chote kwa dakika ishirini. Nikakizunguka tena. Ufukweni nilikuwa peke yangu na maji ya buluu yanayoonyesha mpaka mawe ya chini, mahali pazuri ajabu, nami nilikuwa natazama saa. Nilijilaza, nikainuka, nikajilaza. Kufika adhuhuri nilikuwa nimerudi nyumbani, nimetandika kitanda na kukaza pembe za shuka kama kazini, na nimefagia ua wa watu.

Asubuhi ya pili, saa tatu, simu ililia. Kila siku mama huangalia hali ya hewa ya Minneapolis kwenye simu yake, kisha huniandikia. "Huko leo mvua. Vaa vizuri."

Nikiwa juani, nikajibu papo hapo: "Asante mama, nimevaa."

"Mbona hujalala? Si huko ni usiku wa manane?"

Nilikuwa nimesahau kwamba wakati wa kiangazi saa za Ugiriki na za Kenya ni zile zile. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Marekani, mimi na mama tulikuwa mbalimbali na bado tunakunywa chai ya asubuhi kwa wakati mmoja, nami nikautumia wakati huo kumdanganya. Nikaandika kwamba niko zamu ya usiku.

"Pole mwanangu. Nakuombea nguvu."

Niliona aibu hadi chai ikanishinda.

Siku ya nne Bibi Stamatia alininyang'anya ufagio. "Umekuja kupumzika au kuninyima kazi? Una nini wewe?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikata ncha za maharagwe mabichi.

"Binti yangu akija hapa hupaka nyumba rangi, hanikalii hata siku moja," alisema. "Mwaka juzi alikwenda kupumzika kwingine akanificha. Wiki nzima nilihangaika na mvua ya Melbourne, kumbe hayuko. Kwenda kwake hakukuniuma. Kilichoniuma ni ile mvua."

Nilizunguka kijiji mara mbili zaidi, kisha nikampigia mama.

"Mama, siko Minneapolis. Niko Ugiriki. Nimekuja kupumzika."

Nilisikia kuku wake wakilia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, hata majibu ninayo.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Kuna bahari?"

"Iko mbele yangu, mama."

Akasema polepole, "Wakesho, mimi nilidhani ukipata safari ya namna hiyo utanichukua."

Wageni ninaowakimbia mimi, yeye ndiye anayewapikia. Mimi huondoka baada ya wiki tatu, yeye hubaki na masufuria. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mama hupumzika lini.

Siku zilizobaki ziliniendea mbio. Nilimpigia mama picha za kila kitu, hata za maharagwe, naye akawa ananiandikia, "Huko Ugiriki leo upepo. Usiogelee mbali." Siku ya kuondoka Bibi Stamatia alinishindilia mkobani chupa ya mafuta ya zeituni. "Ya mama yako," alisema.

Nimerudi Richfield, na vikombe vinatikisika kama kawaida. Nilidhani nimejiokoa na kelele za nyumbani, kumbe nilimwacha ndani yake mtu aliyetamani kutoka kama mimi. Asubuhi ya kwanza nilifungua simu nikitarajia hali ya hewa. Mama alikuwa ameteremka hadi Voi, studio ya picha. Ametuma picha, kitambaa cha kichwani amekivua, nywele amezichana, uso unatazama mbele bila kucheka, kama pasipoti inavyotaka.