Chungu Kilichovuka Bahari na Duara Kifunikoni

Katika kijiji cha Artemona, kisiwani Sifnos, kila nyumba hupeleka chungu chake cha dengu kwenye tanuri la mwokaji mikate Jumamosi jioni, na hukifuata Jumapili baada ya ibada. Dengu hulala motoni pamoja na kitunguu, mafuta ya zeituni na maji ya mvua, na kifuniko hubandikwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usipotee. Margeta, mjane wa mfinyanzi, alifanya hivyo tangu alipoolewa, wala hakuwahi kuliona kuwa jambo la kujisifia. Alianza kujisifu siku mwanawe Frangoulis alipompigia simu kutoka mjini Pireo, ng'ambo ya bahari, na kumwambia, kwa furaha kabisa, kwamba mama mkwe wake sasa anapika dengu "sawasawa na zako, mama."

"Anazipikia wapi?" Margeta aliuliza.

"Kwenye jiko la umeme."

"La umeme," alirudia, akakata simu.

Maneno hayo yaliangukia kidonda cha zamani. Frangoulis alipooa alihamia katika jengo la kwao mkewe Evanthia, karibu na bandari, na ghorofa ya juu yao anaishi Stamatia, mama yake Evanthia. Binti yao wa kwanza alipewa jina la Margeta, kama desturi inavyotaka, lakini aliyemwogesha, kumlisha na kumbembeleza alikuwa Stamatia. Mtoto alipoanza kusema, Stamatia akawa "Bibi" tu, bila nyongeza. Margeta, aliyefika kwa meli mara chache, akawa "Bibi wa Meli."

"Jina nimetoa mimi, mtoto wamechukua wao," alimlalamikia Zambeta, mke wa kaka yake.

Zambeta hakuwa mtu wa kupoza moto. "Wapelekee dengu basi, wifi, waone tofauti. Ila zitie maji ya kutosha. Zako huwa zinakauka."

Ndipo Margeta alipoazimia kusafiri na chungu. Alitaka Jumapili moja tu kwenye meza ile, na sentensi moja tu: Frangoulis atamke, mbele ya Stamatia, kwamba dengu za mama yake hazina mfano.

Jumapili hiyo meli ilikuwa inaondoka kabla ibada haijaisha, kwa hiyo mwokaji alimfungulia tanuri alfajiri, peke yake. Kila mwanamke wa kijiji huchora alama yake ya chokaa kwenye kifuniko. Ya Margeta ni msalaba, ya Zambeta ni duara. Kuhusu kilichotokea mbele ya tanuri, simulizi mbili nilizozipokea hazipatani. Margeta anashikilia kwamba masizi yalifunika alama zote. Zambeta anashikilia kwamba wifi yake alikuwa na haraka mno ya kwenda kumkomesha Stamatia, hata hakutazama.

Melini alikiweka chungu katikati ya miguu yake, kimefungwa taulo, kwenye sitaha ya nyuma. Harufu ikaanza kutembea. Baharia mmoja aliyemfahamu alisimama.

"Mama Margeta, hicho kitafika Pireo salama kweli?"

"Kitafika. Wewe pita."

Kwenye benchi la mbele yake alikaa bibi mmoja, mjukuu amelala mapajani pake, mdomo wazi. Margeta alivumilia kidogo, kisha akahama kiti.

Walipokuwa wameipita Serifos, simu iliita.

"Wifi, uko wapi?" Alikuwa Zambeta.

"Niko melini, unajua."

"Najua. Na chungu changu kiko melini vilevile."

Margeta alifunua taulo, akasugua kifuniko kwa kidole gumba. Chini ya masizi lilitokea duara.

"Mama yangu! Na changu?"

"Kiko hapa mezani, kaka yako anachovya mkate ndani yake. Anauliza mchuzi umekwenda wapi." Zambeta alicheka mpaka akakohoa. "Usihuzunike, wifi. Angalau leo Pireo watakula vizuri. Ila uwaambie ni za nani!"

Mawimbi ya simu yakapotea. Margeta alifikiria kukitosa chungu baharini. Hilo alinieleza bila haya. Kilichomzuia ni kwamba sitaha nzima ilikuwa imekwisha kunusa, na wangemwona kichaa.

Stamatia alimpokea mlangoni. "Karibu mkwe wangu. Lete nikusaidie, ni kizito."

"Nimekizoea."

Mezani Frangoulis alivunja unga wa kifuniko, akapakua, akaonja. Alifumba macho.

"Hizi ndizo! Mama Stamatia, usinikasirikie, lakini za mama yangu hazina mfano. Hata mnifunge kitambaa usoni ningezijua."

Stamatia naye alionja, akaweka kijiko chini polepole. "Ni kweli. Zangu si kitu. Mkwe, unatia nini humu?"

Sentensi aliyoifuata Margeta ilikuwa imetamkwa yote, tena mbele ya aliyekusudiwa, na kila neno lake lilikuwa linamwendea Zambeta. Margeta husema wazi kwamba si uaminifu uliomfungua mdomo. Hakuweza tu kustahimili kusikia dengu za wifi yake zikisifiwa tena.

"Si zangu. Ni za Zambeta. Nimebeba chungu sicho."

Evanthia ndiye aliyeanza kucheka. "Hata mkimfunga kitambaa usoni!" alimwambia mumewe.

"Nimekulisha ujana wako wote," Margeta alimwambia mwanawe, "kumbe nalisha mbuzi."

"Na mimi je?" Stamatia alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Aliponiambia zangu ni sawa na zako, mkwe, nilijivuna wiki nzima. Mpaka jirani nilimwambia!"

Wanawake wale wawili walitazamana, wakacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu harusi. Amani hiyo ilidumu mpaka mjukuu aliposukuma sahani yake mbele.

"Bibi wa Meli, nataka tena za Zambeta."

Kesho yake, wakati wa kuondoka, Stamatia alileta chungu kimeoshwa, kimejaa vipande vya halua ya Farsala, mji alikozaliwa, kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Margeta alinyoosha mikono, tayari kushukuru.

"Mpe Zambeta," Stamatia alisema. "Mwambie ametushinda sote." Kisha akambusu Margeta mashavu yote mawili.

Hivyo Margeta alirudi akiwa amepakata, katika chungu cha mpinzani mmoja, zawadi kutoka kwa mpinzani mwingine. Meli ilipokaribia Kythnos alifunua kifuniko, akaonja kipande kimoja, akitumaini kitakuwa kimeungua. Hakikuwa kimeungua. Akala kingine, ili apate hakika.

Zambeta anadai chungu kilimfikia kikiwa na halua nusu tu. Margeta anasema Stamatia ni mchoyo, anajulikana.