Aliyesimama Kando ya Mpiga Picha

Mtaa mzima ulimwita Mama Skana, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Marehemu mumewe alikuwa mpiga picha, na yeye ndiye aliyekuwa akizisafisha gizani mpaka vidole vikanuka dawa. Mume alipofariki, na watu wakaanza kupigana picha kwa simu, hakukaa kitako akalia. Alinunua skana, kompyuta na projekta iliyokwisha kutumika, sebule ikageuka ofisi. Ukimpelekea picha za ukoo zilizotafunwa na mende, atakurudishia onyesho la slaidi lenye muziki ndani ya flashi, na ukitaka kikombe chenye sura ya bibi yako, hicho nacho utapata. Kuna watu wanapenda kunywa chai wakitazamana na bibi zao, na hilo halimhusu.

Alikuwa na tabia moja. Picha haiwekwi chali kwenye skana. Lazima uso ulale juu ya kioo. Mama Skana hakuwa na ubavu wa kumlaza mtu mzima kifudifudi bila kumwamkia, awe hai au marehemu.

"Shikamoo babu, uniwie radhi," angesema, ndipo afunike.

Mdogo wake, aliyekuwa hakosi kuja alasiri kunywa chai na kusengenya, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Dada, siku wakikuitikia marahaba utatoka humu bila viatu!"

"Wakiitikia nitajua nimewatengeneza vizuri," Mama Skana alimjibu. "Wewe kunywa chai yako."

Siku moja akaja kinyozi wa pale kwenye kona, amekumbatia kopo la biskuti lililojaa picha. Kabla hajakaa alisimama kwanza kuzitazama fremu za ukutani, mkono mmoja kiunoni, kichwa amekilaza upande wa kushoto, kama anayekagua kichwa cha mteja kabla ya kumvua shuka. Mama Skana alitabasamu. Kazi humfuata mtu hata akiiacha dukani.

"Umeniletea kina nani, mwanangu?"

"Mzee wangu na mimi," kinyozi akasema. "Lakini ninayemtafuta ni mama."

Akaeleza. Mama yake alifariki wiki ile ile aliyomzaa. Baba yake, kwa uchungu, alichoma kila picha ya mkewe, akajuta hata majivu hayajapoa. Kinyozi amekua, ameoa, ameanza kuota mvi, na sura ya mama yake haijui. Sasa macho ya mzee yanazimika, na daktari amesema hayatarudi.

"Akishapofuka, mama, hakuna tena mtu wa kuniambia huyu ndiye. Hebu zipitie zote. Hata kama alipita tu huko nyuma. Hata kisogo kinanitosha, si unajua kazi yangu?"

Alicheka peke yake. Mama Skana hakucheka. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Akaanza kazi. Karibu picha zote zilikuwa za namna moja: mtoto amesimamishwa mbele ya ukuta wa uani, jua la jioni usoni. Mtoto anakua, ukuta ni ule ule. Mwanamke hakuna. Ila chini ya kila picha kulikuwa na weusi, kivuli cha aliyepiga. Hilo ni kosa la anayepiga picha jua likiwa limeshuka mgongoni kwake, na marehemu mumewe alilichukia kufa. Basi Mama Skana akaukata ule weusi. Akakata picha ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata, mawazo yako mbali, kama mtu anayemenya viazi.

Kinyozi alikuja kuangalia. Alilitazama onyesho lote bila kupepesa.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, mwanangu."

Alishukuru kwa adabu, akaenda zake, na kopo akalisahau. Mama Skana alijisikia vibaya, kana kwamba yeye ndiye aliyezichoma.

Alikuwa akizirudisha picha kwenye kopo alipogundua kwamba yule mtoto haitazami kamera. Alikuwa akitazama kando kidogo, juu, na kucheka. Akachukua nyingine. Mtoto kakua, ana pengo la meno, naye anacheka na kulekule kando. Picha zote zilikuwa hivyo. Ni kama kando ya kamera alikuwepo mtu anayemchekesha.

Akarudi kwenye kompyuta, akafungua picha kabla ya kukatwa, akaukuza ule weusi.

Vivuli vilikuwa viwili.

Kimoja kilikuwa kifupi, kimejikunja, viwiko vimeinuka. Huyo alimjua: ni mtu aliyepiga magoti na kamera usoni. Kando yake kulikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama, mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeninginia, kichwa kimelala kushoto. Akafungua picha nyingine, na nyingine. Mtoto alibadilika nguo na kimo, ukuta ukapakwa rangi mpya, lakini kivuli kile hakikubadilika hata kidogo. Nywele zikamsimama Mama Skana, na mchana ulikuwa mweupe pe.

Mdogo wake alipoingia, akamwonyesha. Siku hiyo hakucheka. Aliichukua chai yake, akahamia kiti cha karibu na mlango.

Mama Skana alirudisha kila alichokikata, picha moja baada ya nyingine. Kisha akampigia simu kinyozi. "Njoo na mzee. Msikawie."

Walikuja alasiri, mzee ameshikwa mkono kama bwana harusi, mwenyewe akitania. "Nimeletwa sinema nami sioni! Hizi si hasara?"

"Utakaa mbele kabisa, mzee," Mama Skana akamwambia. Akamweka karibu na ukuta, nje kidogo ya mwanga, mpaka magoti yanakaribia kuugusa, akafunga pazia. Kabla ya kuwasha, akauliza lile alilopaswa kuuliza tangu mwanzo, yeye mjane wa mpiga picha. "Mzee, ulipokuwa unapiga hizi picha, nani alikuwa kando yako?"

"Nani awe kando yangu? Tulikuwa wawili tu, mimi na huyu. Nilipiga magoti ili nimpate sawasawa."

Mama Skana akawasha projekta.

Picha zikaanza kupita, vivuli vikiwa vimekuzwa vikajaa ukuta. Kinyozi aliinuka. Akausogelea ukuta polepole, akasimama kwenye mwanga, na kwa kuwa ndivyo alivyozoea kutazama kitu, akaweka mkono kiunoni na kukilaza kichwa kushoto. Kivuli chake kikaanguka kando ya kile cha ukutani. Bega lilikuwa lile lile, kiwiko kile kile, shingo ile ile.

Mzee akavuta pumzi kwa nguvu. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Nikichelewa kurudi," akasema, "alikuwa akinisubiri mlangoni amesimama hivyo hivyo."

Kinyozi alilia bila kujificha, mtu mzima na mvi zake. Kwa muda hakuthubutu kusogea, akiogopa kuharibu. Halafu akarudi, akaketi kando ya baba yake, akamshika mkono. Mama Skana alikuwa kwenye kiti chake, nyuma ya mashine. Mbele ya ukuta hapakubaki mtu aliyesimama.

Ikaja picha ya mwisho, ya siku ya kwanza ya shule, soksi zimevutwa mpaka magotini. Mzee aliinama mbele, akikaza macho yake mabovu.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema kwa upole. "Unamziba mama yako."

"Baba, mimi nimekaa hapa. Nimekushika mkono."

Mzee aliupapasa ule mkono, kidole kwa kidole, akahakikisha. Kisha akainua uso, akatazama tena ukutani, pale alipomwona mtu amesimama.

Mama Skana alinyoosha mkono azime, lakini hakuzima. Alikuwa amemwamkia kila mtu mzima aliyekuwa ndani ya kopo lile, isipokuwa mmoja. Huyo alimkata tu, picha baada ya picha, hata bila kumtazama.

Akasimama, akaelekea ukutani.

"Shikamoo mama," akasema. "Uniwie radhi. Sikujua kama upo."

Kisha akasubiri aitikiwe.