Karai la Dobi

Mwaka wa sabini na tatu, dobi Mkongo wa nyumba ya wazee pale Koboko, Uganda, alikuwa na vidole vilivyokunjamana kwa sabuni na sauti nyembamba kama ya mbuzi. Kila Alhamisi, wazee wakishakunywa uji, alipindua karai la kufulia akapiga doluka, ngoma ya arusi ya Wanubi, na kila mara aliikosea palepale. Bibi Kulusum, Mnubi ambaye tangu aletwe hapo alikuwa hajasema na mtu, alivumilia wiki tatu. Ya nne akafoka: "We Mukongo, hiyo iko doluka ama unatwanga muhogo? Leta hapa!" Akapiga mwenyewe, wazee wakaitikia, na hata Mzee Tahiru, ambaye alikuwa hainuki kitandani, akatikisa mabega. Dobi akajikuna kisogo: "Samahani, mama. Kichwa yangu iko nzito."

Jumatatu, Kulusum akipita nyuma ya kamba za nguo, alimsikia dobi akipiga karai peke yake: doluka safi, bila kosa hata moja. Akarudi akinyata. Alhamisi dobi akakosea palepale. Kulusum akashika kiuno, akauma mdomo asicheke.

"Huyu mutu, mpaka nikufe hatajua! Leta hapa!"