Moto wa Kaka Yangu

Kwetu mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kilio hakianzi mpaka moto uwashwe uani, na anayeuwasha ni mzee wa ukoo. Ukilia kabla ya hapo, watasema unamwitia mtu kifo. Ndiyo maana mama yangu alimeza machozi msimu mzima wa mvua. Kaka yangu, askari, alipotea vitani huko Kivu, na baba mukubwa, ndugu wa marehemu baba, akakataa kuwasha moto.

"Maiti hakuna, kilio hakuna," alisema. "Pengine alikimbia."

Alikimbia! Kaka aliyekubali kung'atwa na mbwa wa jirani ili mimi nipate kupanda ukuta! Neno lile nalichukia mpaka leo.

Jumapili moja, tukiwa tumetoka misa, askari mwenye magongo akabisha hodi. Mguu mmoja haukuwepo.

"Mama, nilikuwa naye," alisema.

Walikuwa wanavuka daraja, wamebeba majeruhi, adui yuko karibu. Kaka akalala chini na bunduki yake, peke yake. "Alituambia, 'Mupite, miye niko nyuma.' Tulisikia bunduki yake mpaka tukafika ng'ambo. Kisha ikanyamaza."

Tukamwita baba mukubwa. Akasikiliza yote, akakohoa.

"Na mwili iko wapi?"

"Yake ilibakia kule, papa, ili yangu irudie," askari akajibu.

Mzee akatazama chini. "Basi tungojee kwanza."

Aka! Tungojee nini tena? Nilikuwa nimechoka na kungoja kwake. Nikatoa viti vya sebuleni, nikapanga kuni katikati ya uwanja, nikaepua sufuria ya bukari, ugali wetu wa mchana, na kumwaga makaa yote ya mbabula, lile jiko letu, juu ya kuni.

"Mwanamuke hawashake moto ya kilio!" baba mukubwa akafoka.

"Leo anawasha. Kama uko na maji, papa, zimisha."

Hakuzima. Wanaume wa jirani wakaanza kuingia, kila mtu na kiti chake, wakamzunguka yule askari.

Mama akauangalia moto mpaka ukashika vizuri. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini, akalia. Alilia kwa sauti, akiita jina la mwanawe, hata wapita njia wakasimama barabarani. Wasimame. Wasikie jina lake.