Msamaha wa Msema Kweli

Mwanamke mmoja, mpiga pasi wa hospitali, walimwita Msema Kweli, na mwanzoni ilikuwa sifa. Kwenye ushirika wao wa kanisani, ukigundua una kinyongo na mtu hukumaliza kwa kumwambia Mungu peke yake. Ulimwendea mhusika, ukamweleza kinyongo chenyewe, ukaomba msamaha. Wengine walifanya hivyo mara moja kwa mwaka, tena kwa kumung'unya maneno. Yeye alifanya kila wiki na hakuacha hata nukta.

Alimfuata mwalimu wa kwaya akamwambia, "Nisamehe, kaka. Miaka mitatu ukiimba mimi nakaza meno. Sauti yako inanikera." Mwalimu akamsamehe, na tangu siku hiyo akawa anaimba chini chini. Akamwambia mwenzake wa chumba cha kufulia wakiwa wanakunja shuka, kila mmoja kashika ncha mbili: "Mwanao alipofeli mtihani, moyoni nilifurahi. Nisamehe, dada." Mwenzake akaiachia shuka ikaanguka sakafuni. Ikafika mahali watu wakimwona anakuja na ile sura yake ya upole, Biblia kwapani, wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni. Yeye alifika mzito na kuondoka mwepesi, wala hakugeuka kumtazama aliyemtwisha.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe. Miguu ilimkataa bibi huyo zamani, na kwa miaka sita Msema Kweli ndiye aliyemwogesha, akamlisha kwa kijiko, akambadilishia matandiko. Bibi hakuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia. Kila mgeni aliyeingia alisikia yaleyale: "Mimi sikujaliwa binti, lakini Mungu kanipa huyu. Huyu ananipenda." Ukitaka afurahi, ulimwacha aseme tena.

Jumanne moja, baada ya uji wa asubuhi, Msema Kweli aliweka bakuli chini akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nina jambo la kuweka nuruni."

"Sema, mwanangu."

"Tangu uje hapa, kila nikikuogesha huwa namwomba Mungu akuchukue. Nimekuchoka. Harufu yako hainitoki hata nikiwa kazini. Naomba unisamehe."

Bibi aliutazama uji uliobaki mpaka ukafanya utando.

"Miaka yote hiyo?"

"Yote, mama."

"Haya. Nimekusamehe."

Msema Kweli alienda kazini anaimba, na shuka za wodi nzima zilinyooka kabla ya saa sita. Jioni alipeleka chakula, bibi akafumba mdomo. Kesho yake vilevile. Hakununa wala hakulia. Alisema asante, akageukia ukutani, na kuogeshwa pia akakataa.

Siku ya nne mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliingia na ovaroli lake akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nani kakuudhi humu ndani? Mke wangu kakukosea?"

"Anikosee nini? Mkeo ananitunza kama yai. Sina njaa tu, baba."

Msema Kweli alisikia kila neno akiwa mlangoni. Mumewe alipotoka kwenda kunawa, aliingia na sura ileile ya upole.

"Mama, umemdanganya mwanao. Usiondoke duniani na uongo mdomoni. Tubu."

Bibi akamtazama, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Sawa. Mwite arudi, nimweleze yote uliyoniambia."

Nje maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni. Msema Kweli alifungua mdomo aite, akaufunga tena. Katika watu wote aliowahi kuwaomba msamaha, mume wake hakuwamo. Huyu peke yake ndiye alikuwa bado anafurahi kumwona akija. Aliogopa, akaogopa kweli.

"Mama, tafadhali," alinong'ona. "Usimwambie."

"Nilishamdanganya kwa ajili yako," bibi akasema. "Hukusikia?"

Mume akarudi akijifuta mikono. "Mnazungumza nini?"

"Mama anasema hana njaa," akajibu Msema Kweli.

Bibi alifariki Jumapili, tumbo tupu. Ushirika ulikuja wote msibani, hata mwalimu wa kwaya, na mchungaji akamwomba Msema Kweli atoe ushuhuda. Alisimama, akasema bibi alizidiwa na uzee tu, na kwamba wao wawili waliagana kwa amani. Mumewe, macho mekundu, akauchukua mkono wake mbele ya watu wote na kumshukuru kwa kumpenda mama yake. Yeye akauacha mkono humo humo, akasema amina.